Marehemu wa Masafa ya Kati

Jumatatu, 5 Juni 2017

Siku mbaya. Baridi ya kuuma masikio, na habari mbaya juu yake.

Tumeitwa sote ofisini Marshalltown. Amekuja binti wa Kikenya kutoka makao makuu ya kampuni, Sandton. Anaitwa Perpetua. Viatu vya bei, kompyuta kwapani, heshima tele. Kaniita Mzee Zephania, nikajua hapo hapo kuna jambo. Akaeleza kwamba kampuni inauza stesheni zake dhaifu za masafa ya kati, yaani AM, ibaki na zile za FM zenye kuleta faida. Yetu imo. Tena yetu ni dhaifu kiasi kwamba haijapata hata mtu wa kuulizia. Asipotokea mnunuzi, mtambo utazimwa. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, siku hizi AM nani bado anaiskiza.

Nani anaisikiliza! Mimi ndiye mtangazaji wa "Salamu na Tanzia", kila Jumapili alfajiri, nusu saa ya Kiswahili. Waliofiwa wananiletea majina nami nasoma: nani amefariki, mwenyeji wa wapi, msiba upo mtaa gani. Watu wakisikia wanatoka. Hivyo ndivyo Mkongo, Mrundi au Mtanzania anavyopata wa kumlilia katika mji huu. Bila nusu saa hiyo mtu anazikwa na jirani wawili na dereva wa gari la maiti. Waliopoteana na ndugu zao nao wananiletea majina, nami nawatafutia. Nilisema yote haya kwa sauti ya studio. Perpetua akaandika kitu kifupi mno.

Lakini alisema angependa kuwaona wasikilizaji wangu kwa macho yake, na atakachokiona atakiweka kwenye ripoti. Kwa lugha ya ofisi, hiyo ni ahadi.

Lambert alicheka. Huyu ndiye anayetangaza injili kwa Kifaransa na Kilingala baada yangu. Anavaa skafu hata ndani ya studio. Alisema wasikilizaji wake wote wako Facebook, na akaniambia, "Vieux, dunia imehamia kwenye simu." Vieux! Eti mzee, naye amenizidi miaka miwili.

Nyumbani nimemweleza mke wangu. Nomalanga alikuja kwetu Morogoro na wakimbizi wa siasa wa nchi hii, tukaoana kule, nikamfuata huku mtaa wa Observatory walipopata uhuru wao. Kiswahili chake bado kizuri, hasa cha kunigombeza. Alisema eish, Zephania, umetangaza vya kutosha, pumzika. Sipumziki.

Jumatano, 7 Juni

Mpango wa kwanza umekufa.

Jana nilipiga simu ya maoni ya wasikilizaji. Mara ya kwanza kama mzee wa Rosettenville, mara ya pili kama mlinzi wa usiku wa Germiston, mara ya tatu kama mama wa Yeoville. Mama alinitoa jasho, lakini alisifu kipindi vizuri sana. Leo Perpetua amenipigia. Alisema amesikiliza maoni na yamemgusa. Ila angependa kujua kwa nini nyuma ya mzee, mlinzi na mama kuna mwanamke yule yule anayepiga kelele kwamba Zephania azime geyser ya maji ya moto.

Nikasema simu zinaingiliana. Akanishukuru kwa ufafanuzi. Ni mtoto aliyelelewa.

Atakuja kwangu Jumapili saa tisa mchana kuniaga, alisema, akiwa njiani kutoka kanisani. Kuniaga! Basi nimebaki na Jumapili moja.

Nimekaa mezani nikijiuliza kitu gani huwatoa watu wetu majumbani. Mpira? Wanaangalia kwenye simu. Siasa? Wanaogopa. Ibada? Kila mtu na kanisa lake. Chai ikapoa nikiwaza. Kisha jibu likaja, na nikashangaa kwa nini sikuliona mapema, mimi niliyekula nalo miaka yote hii.

Msiba.

Jumapili, 11 Juni

Naandika jioni. Nitajaribu kwenda kwa mpangilio.

Ijumaa Nomalanga alikwenda kwa dada yake Soweto, kurudi kesho. Nafasi ya Mungu. Leo alfajiri nilikuwa studio kabla ya mwanga. Wakati huo AM hufika mbali sana, hewa ikiwa na baridi na jua halijatoka. Nilianza na salamu. Kisha nikasoma tangazo la Mama Célestine, muuza vitenge, ambaye kila mwezi anamtafuta mwanawe: Pitchou, fundi viatu, kijana mpole mwenye jino la dhahabu, aliyeelekea Durban na hajasikika tena. Nilisoma haraka haraka kidogo. Akili yangu ilikuwa mbele.

Kisha nikashusha sauti. Nikatangaza kwa masikitiko kifo cha Ezéchiel, dereva wa lori, mwenyeji wa Uvira, mwimbaji wa kwaya mwenye sauti nzito, aliyefia njiani huko Limpopo bila ndugu karibu. Nikasema kwa kuwa marehemu hakuwa na mtu, msiba upo nyumbani kwa mtangazaji wenu, Observatory, leo, na watu wafike kabla ya saa tisa.

Hakuna mtu kama huyo. Nilimtengeneza mwenyewe, nikinyoa. Jina lilinijia lenyewe. Na ile sauti nzito ya kwaya nayo ilinijia tu! Nikaona kweli nina kipaji.

Nilitegemea watu kumi na tano hivi. Saa sita ua ulikuwa umejaa. Saa nane walikuwa wamekaa hadi ngazi za barabarani zinazopanda kilima chetu. Walinzi wenye sare zao, wasusi, mafundi cherehani, Watanzania wa Hillbrow ambao hata salamu zangu hawajibu. Kina mama waliingia wakaondoa kochi langu, wakashusha magodoro, wakakaa chini. Mtu alileta jiko la mkaa. Mtu alileta sufuria ya sombe, yaani kisamvu. Hakuna aliyeuliza Ezéchiel ni nani. Walisikia kwamba hana mtu, wakaja. Nilisimama dirishani, na kwa muda nikasahau kwamba marehemu hayupo.

Kisha akafika Lambert. Skafu nyeusi. Alisema yeye na Ezéchiel walikuwa kama ndugu. Wamekula sahani moja! Alisimama katikati ya ua wangu akasimulia ucheshi wa marehemu, ukarimu wake, jinsi alivyopenda samaki wa ziwani, na machozi yakamtoka, ya kweli kabisa. Ndani ya nusu saa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya msiba. Marehemu ni wangu, na mtu huyu ameniibia.

Perpetua alifika saa tisa kamili. Alisimama getini mdomo wazi. Akauliza kama wote hawa wamesikia kwenye AM. Nikasema wote. Akauliza watu watatu wanne, wakamjibu hivyo hivyo, redio, redio. Alipiga picha, akavua viatu vyake vya bei, akakaa godoroni na kina mama. Nilijua nimeshinda.

Ningepaswa kuishia hapo. Lakini saa kumi aliingia mwanamke mwembamba, sindano bado zimechomekwa kifuani mwa gauni kama alivyoacha kazi. Marcelline, fundi cherehani wa Yeoville. Alitembea wima mpaka katikati ya ua. Akasema jina la Ezéchiel mara moja, si kwa nguvu, kisha akaketi chini pale pale.

Ni dada yake.

Jumatatu, 12 Juni

Sikulala. Sitaki kuandika, lakini nisipoandika nitamweleza mtu.

Mama Marcelline amekaa sebuleni kwangu, ameegemea ukuta, kina mama wamemzunguka. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akanishukuru. Akasema yeye alijua tu kwamba siku moja nitampata, maana kila Juni ananiletea tangazo nami namsomea: Ezéchiel, dereva wa lori, wa Uvira, anaimba kwaya, sauti nzito. Akasema mwaka huu alichelewa kuleta kwa ajili ya kazi nyingi, sare za shule.

Kila Juni. Nimelisoma jina hilo kwa mdomo wangu miaka na miaka, na mtu mwenyewe sikumsikia hata siku moja. Nilikuwa nasoma tu.

Nomalanga amerudi saa nne. Alikuta magodoro kwake, kochi lake kwenye majani, na Lambert akigawa chai kwa vikombe vyake vya harusi. Yule mwanamke anaijua misiba. Alivaa doti, akajifunga kichwa, akaenda kumpa pole mfiwa, akashika mwiko. Baadaye aliniita jikoni akauliza swali moja: maiti iko wapi.

Nikasema Limpopo. Hospitali gani? Nikasema Lambert anajua. Akanitazama. Miaka thelathini ya ndoa imo katika jicho lile. Nikamweleza yote.

Nilitegemea kelele. Aliketi kwenye ndoo. Akaniambia habari ambayo sikuwahi kuisikia kwa ukamilifu wake. Kaka yake mkubwa naye alitoka nchini kwenda kwenye mapambano, kabla yake. Hakurudi, hakuna aliyejua alikoishia. Mama yao kule Soweto alinunua redio kwa ajili hiyo tu. Kila siku aliisogelea kusikiliza, mwanawe asije akatajwa yeye akiwa jikoni anakoroga uji. Alifariki redio ikiwa pembeni ya mto wa kulalia. Nomalanga akasema hujui unachochezea, Zephania. Akasema utamwambia wewe, au nitamwambia mimi, na nikimwambia mimi usilale humu.

Jumatano, 14 Juni

Bado sijamwambia. Nina sababu.

Kwanza, watu hawaishi kuja. Pili, Lambert amesema kwenye kamati kwamba marehemu alimwachia yeye maneno ya mwisho. Nikimfichua marehemu namfichua na Lambert, na huyo angestahili, lakini ua wote utachafuka. Tatu, nilifikiria njia nyepesi: niseme maiti ilichanganywa, kwamba aliyefariki ni Ezéchiel mwingine. Nilimjaribishia Nomalanga. Alinyanyua mwiko. Nne, naogopa. Hiyo ndiyo ya kwanza kusema kweli.

Mama Célestine wa vitenge naye amekuja kukaa msibani. Alinivuta pembeni akauliza kama nilipomtafuta Ezéchiel sikukutana na habari za Pitchou. Nikasema bado. Akasema anajua najitahidi. Akaniachia sahani ya maandazi. Sikuweza kula, nikampa Lambert, akala yote.

Alhamisi, 15 Juni

Nimemwambia.

Asubuhi, kina mama walipokwenda kuoga. Nilikaa chini, kwenye sakafu, mbele yake. Nilisema kwamba sijui kaka yake alipo. Kwamba hakuna habari yoyote iliyonifikia, mbaya wala njema. Kwamba nilitaka watu waje ili redio isiuzwe, nikachukua jina bila kujua nimelichukua wapi. Nililia. Mwanamume wa umri wangu, kamasi na yote.

Mama Marcelline alikuwa anashona. Ameletewa kazi zake hapa hapa. Hakuacha. Akasema alijua tangu Jumatatu. Akasema yeye ni fundi, si mtoto. Mtu wa lori amekufa na hakuna lori, hakuna hospitali, hakuna rangi ya gari, na Lambert anasema kaka yake alipenda samaki, wakati tangu utoto samaki alikuwa akimtapisha.

Nikauliza kwa nini basi hakuondoka. Hapo ndipo alipoweka sindano chini. Maneno yake nayaandika alivyoyasema: "Myaka yote ile, hakuna mutu alikuja kulia na miye. Banasema: labda iko muzima, ngoja. Nimengoja. Siku ya Mungu batu bakakuja, bakaita jina yake, bakaimba. Sasa we unataka umurudishe tena mu barabara?"

Akasema kaka yake akitokea siku moja mlangoni, watacheka pamoja, na yeye atampiga kofi kwanza. Lakini amechoka kusimama dirishani. Nimwache aketi.

Kisha akataka mambo mawili. La kwanza, Jumapili ya kuanua matanga nisome tangazo redioni, vizuri, polepole, kama la mtu. La pili, niape kwamba sitachukua tena jina la mtu ambalo sikupewa. Nikaapa. Niliapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yangu kule Morogoro, na nilimaanisha kila neno. Najisikia mtu mpya.

Jumanne, 20 Juni

Perpetua amepiga simu. Sauti ya furaha! Nikamwita Nomalanga aje asikie.

Alisema ripoti yake imewagusa wakubwa. Ile picha ya ua ilizungushwa ofisi nzima. Stesheni ya AM inayoweza kutoa watu wote wale majumbani kwa tangazo moja! Nikamwuliza basi tumepona. Akasema, "Mzee, si nilikuwa nimekuambia hii ni ya kuuzwa?" Shida ilikuwa hakuna mtu aliyeitaka. Sasa imetakiwa. Kanisa moja kubwa la Randburg limeona picha na limeichukua stesheni nzima, mnara na mtambo, haraka sana. Mahubiri ya Kiingereza mchana na usiku. Kipindi changu cha mwisho ni Jumapili hii. Akanipongeza. Alipongeza kwa moyo, hilo ndilo lililoniuma.

Yaani ningekaa kimya, tungedorora hivyo hivyo bila mnunuzi, pengine miezi, pengine mwaka, kabla ya mtambo kuzimwa. Nimeiuza mimi.

Nomalanga alikata simu kwa niaba yangu. Hakunicheka. Alikwenda kunichemshia maji ya kuoga, geyser imeharibika tena.

Jumapili, 25 Juni

Kipindi cha mwisho.

Lambert alikuja mapema, akaketi nyuma ya kioo. Hakuwa na skafu. Naye anaondolewa, Facebook haikumsaidia. Nilimpa chai kutoka thermosi yangu. Tulikuwa tumeacha kuzungumza tangu habari ya samaki, lakini alfajiri ile hakukuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye.

Sikusoma salamu nyingi. Mama Marcelline alikuja mwenyewe studio, nguo nyeupe aliyojishonea, Nomalanga akimshika mkono. Nilisoma hivi: kwamba familia ya Ezéchiel, dereva wa lori, mwenyeji wa Uvira, mwimbaji wa kwaya mwenye sauti nzito, leo inaanua matanga. Kwamba dada yake Marcelline anawashukuru wote waliokaa naye chini. Kwamba popote alipo, apumzike. Nilisoma polepole. Kila neno nilimwona mtu. Nilipomaliza nikakuta sina sauti tena, na dakika zilizobaki nikaziacha zipite kimya. Fundi mitambo hakunigusa. Mama Marcelline alikaa wima na macho yamefumba. Nomalanga alikuwa akilia bila kujificha, na nilijua hamlilii Ezéchiel peke yake.

Kisha taa nyekundu ikazimika. Nikatoka nje. Marshalltown ilikuwa tupu, jua linagusa ghorofa za juu tu. Mlinzi wa jengo la jirani alikuwa na redio ndogo karibu na jiko lake la mkaa. Alisimama akanivulia kofia.

Mama Marcelline alinikumbusha kiapo changu kabla ya kupanda teksi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mtu niliyekuwa amekwisha kufa. Akasema hilo tangazo atalisubiri alisikie mwenyewe.

Jumatatu, 26 Juni

Nimelala vizuri. Asubuhi ya kwanza ya uhuru wangu. Chai, jua la dirishani, Nomalanga kazini. Amani tupu.

Nimewaza kidogo tu kuhusu lile kanisa la Randburg. Watu wa Mungu si wagumu. Wana saa nyingi za mahubiri. Nusu saa ya Kiswahili haiwezi kuwaumiza, hasa ile ya alfajiri wakiwa wamelala. Wanachohitaji ni kuona kwa macho yao watu wetu wakijaza ukumbi wao. Si msiba. Msiba, kamwe tena! Nimejifunza. Lakini harusi! Nani anakataa harusi? Harusi ya kijana wetu mmoja ambaye hana ndugu hapa, waalikwe wote, waje na vigelegele, na mchungaji mkuu asimame mlangoni aone. Lambert anaweza kuwa mshenga. Nimempigia simu, anasema bwana harusi anamfahamu vizuri sana.

Kiapo kipo pale pale. Niliapa kuhusu majina ya marehemu, na bwana harusi ni mzima wa afya. Isitoshe sikumchukua popote, nimemtengeneza mwenyewe asubuhi hii nikinyoa. Anaitwa Pitchou. Fundi viatu, kijana mpole, jino la dhahabu. Limenijia lenyewe tu.